Viatu vya Barafu kwa Mtu Mzima

Mtu mzima anayeanza kujifunza kuteleza kwenye barafu hupewa ushauri wa aina mbili unaopingana. Wa kwanza humwambia achukue viatu vya bei rahisi kabisa, kwa kuwa umri umekwenda na hatafika mbali. Wa pili humwambia anunue vigumu kuliko vyote vilivyomo dukani, kwa kuwa mwili wake ni mzito na viatu laini havitamfaa kitu. Nimekuwa nikiteleza katika viwanja vya Toronto tangu nilipoikaribia miaka arobaini, nimewasindikiza wenzangu kadhaa kwenda kununua viatu, wengine wa kwetu Tanga na Mombasa na wengine wa hapahapa Kanada, na sikubaliani na mshauri yeyote kati ya hao wawili. Kiatu cha mtu mzima huchaguliwa kwa kutazama uzito wake, umbo la mguu wake, na mambo anayoyafanya juu ya barafu msimu huu. Msimu wa tano utakuwa na kiatu chake.

Nieleze kwanza kwamba ninazungumzia mtelezo wa madoido, ule wenye miruko na mizunguko, kwa sababu katika nchi hii ukimwambia mtu unatafuta viatu vya barafu atadhani unataka vya hoki. Viatu vya hoki vina bapa, yaani kile chuma cha chini kinachoteleza juu ya barafu, fupi, lililopindika zaidi na lisilo na meno mbele. Vya madoido vina kisigino kilichoinuka, bapa refu, na meno kwenye ncha ya mbele ambayo hutumika kuchimba barafu wakati wa kuruka. Anayejifunza madoido kwa viatu vya hoki anajipa kazi mbili kwa wakati mmoja.

Wengi wetu huanza na viatu vya kukodi, na hilo ni jambo la busara kwa wiki za mwanzo, iwe ni hapa ama kwenye uwanja wa hoteli ya Panari ulioko kando ya barabara ya Mombasa jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2005. Viatu hivyo hutengenezwa ili vivumilie miguu ya watu wengi, jambo ambalo vinalimudu vizuri, lakini ndani yake mguu huogelea na kifundo hulala upande, na makali yake mara nyingi yamekuwa butu kiasi kwamba mtu hawezi kuhisi tofauti kati ya kuegemea makali ya ndani na kuegemea makali ya nje. Mwanafunzi mtu mzima hujilaumu kwamba ana miguu dhaifu, ilhali sehemu kubwa ya tatizo ni kiatu. Mara tu unapojua kwamba utarudi uwanjani kila wiki, kukodi kunaanza kukurudisha nyuma.

Sasa nifike kwenye ugumu, ambao ndio moyo wa suala lote. Kiatu cha madoido kina kazi ya kukizuia kifundo kisianguke upande wa ndani wala wa nje, na wakati huohuo kinapaswa kukiruhusu kifundo kikunjike kwenda mbele ili goti liweze kushuka. Kazi hizo mbili huvutana. Kila unapoongeza ugumu ili kupata uthabiti wa pembeni, unapunguza pia urahisi wa kukunja mbele, na mtu asiyeweza kukunja kifundo hulazimika kukunja kiuno, akateleza kama aliyekalia kiti, uzito wake ukawa nyuma ya bapa mahali ambapo hakuna usalama wowote. Nimewaona watu wazima waliouziwa viatu vya wanamashindano wakiteleza namna hiyo msimu mzima, na maumivu ya mbele ya muundi juu yake.

Upande wa pili, ni kweli kwamba uzito una maana. Mtoto wa kilo 30 na mtu mzima wa kilo 80 wanaweza kuwa katika darasa moja, wakijifunza mruko uleule wa nusu mzunguko, lakini kiatu kinachomstahimili mtoto huyo kwa miaka miwili kinaweza kukunjamana kwenye kifundo cha mtu mzima ndani ya miezi michache, kwa sababu kila anapotua, mguu mmoja hupokea mzigo ulio mara kadhaa ya uzito wa mwili wake. Kwa hiyo watengenezaji wanaposema kwamba kiatu fulani ni cha anayeruka miruko ya mzunguko mmoja, mara nyingi maelezo hayo yameandikwa wakiwa na mtoto au kijana mwembamba akilini mwao. Kanuni ninayoitumia, na ambayo mafundi niliowasikiliza huielekea, ni kuchukua ngazi moja juu ya ile iliyotajwa kwa kiwango chako, na ngazi mbili kama mwili wako ni mkubwa sana au unaruka kwa nguvu. Zaidi ya hapo unanunua ukuta.

Watengenezaji kadhaa huchapisha namba za ugumu, nazo husaidia ukilinganisha viatu vya kampuni moja. Usizilinganishe za kampuni mbili, maana kila moja ina kipimo chake na hakuna kipimo cha pamoja kinachozifunga. Kipimo cha kuaminika ni mguu wenyewe: funga kamba kama utakavyozifunga uwanjani, simama, kunja magoti, na utazame kama goti linaweza kufika juu ya vidole bila kisigino kunyanyuka. Kama kiatu kipya hakisogei hata kidogo, ujue kitachukua muda mrefu kulegea. Kama kinajikunja mara moja na kufanya mikunjo mikubwa kwenye kifundo kabla hujatoka dukani, hakitaumaliza msimu.

Kuhusu ukubwa, sisi tuliolelewa Afrika Mashariki tuna mzigo wa ziada. Tulinunuliwa viatu vya shule vya kukulia, vilivyojazwa pamba kwenye ncha mpaka mguu uvifikie, na hadi leo wengi wetu tukiingia dukani hutafuta nafasi mbele ya vidole. Kiatu cha barafu hakitaki nafasi hiyo. Kinapaswa kuushika mguu kisigino mpaka vidole, na kwa kawaida namba yake huwa ndogo kuliko ya kiatu chako cha mtaani, wakati mwingine kwa namba moja nzima au zaidi, kutegemea mtengenezaji. Ukisimama wima, vidole viguse kidogo ukuta wa mbele bila kujikunja. Ukikunja magoti, virudi nyuma vikaachana na ukuta huo, na kisigino kizame kwenye kikombe chake kibaki hapohapo. Kisigino kinachopanda na kushuka ndani ya kiatu ni sababu tosha ya kukikataa, hata kama rangi imekupendeza na bei imepunguzwa.

Vaa soksi nyembamba unapopima. Soksi nene ya sufi, ambayo mtu huivaa kwa sababu ya baridi, hujikunja na kuufanya mguu uteleze ndani ya kiatu, nayo haipashi joto inavyotarajiwa kwa sababu hubana damu isitembee.

Urefu ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni upana, na hapo ndipo watu wazima wengi huumia bila kujua. Viatu vya duka la kawaida la michezo huja kwa upana mmoja. Watengenezaji wa viatu vya madoido hutoa upana wa aina kadhaa, unaotajwa kwa herufi, na wengine huweza kukitengeneza kiatu chenye upana mmoja mbele na mwingine kisiginoni. Mguu wangu ni wa aina hiyo inayohitaji hesabu mbili, mpana kwenye vidole na mwembamba nyuma, kwa kuwa nimekulia katika ndala na pekupeku, na kila kiatu kilichonitosha mbele kilikuwa kinapwaya nyuma mpaka nilipokutana na fundi aliyejua kazi yake.

Nitasimulia alivyofanya, kwa sababu ndiyo njia nzuri ya kumtambua fundi wa kweli. Hakuniuliza navaa namba ngapi. Aliniuliza ninateleza mara ngapi kwa wiki, ninafanya miruko gani, niliwahi kuteguka wapi, na nina uzito gani, akaliuliza hilo la mwisho bila aibu na bila dharau, kama anavyouliza daktari. Kisha alinisimamisha pekupeku juu ya karatasi, akachora mzunguko wa kila mguu huku kalamu ameisimamisha wima, akapima kwa utepe unene wa mguu kwenye vifundo vya vidole na juu ya upinde, kwanza nikiwa nimekaa na halafu nikiwa nimesimama, kwa sababu mguu hupanuka unapobeba mwili. Baada ya kunivisha kiatu alichokiona kinafaa, alichomoa soli ya ndani, akanisimamisha juu yake, akatazama ni wapi nyama ya mguu inamwagika nje ya ukingo. Mfupa wangu wa nje wa kifundo umejitokeza, na kila kiatu huugusa. Akaupaka mfupa huo rangi ya mdomo, nyekundu kabisa, akanivisha kiatu bila soksi, akakifunga, akakivua, na doa jekundu likabaki ndani ya kitambaa cha kiatu mahali hasa palipohitaji kupanuliwa. Akalibana eneo hilo kwa koleo lake lenye tufe upande mmoja na pete upande wa pili, akaliacha kwa muda, na maumivu niliyodhani ni sehemu ya mchezo yakaisha siku hiyohiyo.

Fundi wa namna hiyo ana thamani kuliko jina lililochapwa kisiginoni. Hata hivyo majina yana tofauti zake, na si vibaya kuzijua. Jackson ni viatu vya hapa Ontario, vyenye jina la Donald Jackson wa Oshawa, bingwa wa dunia wa mwaka 1962, aliyekuwa mtu wa kwanza kutua mruko uitwao Lutz wa mizunguko mitatu katika mashindano. Watu wenye mguu mpana kwenye vidole mara nyingi huvipenda. Riedell hutengenezwa Red Wing, Minnesota, na familia iliyoanza kazi hiyo mwaka 1945, na vina mwelekeo wa viatu vya ngozi vya jadi. Edea vya Italia ni vyepesi mno, vimejengwa kwa vitu vya kisasa, vina kisigino kirefu zaidi na huuzwa kwa namba za milimita; anayevihamia akitoka kwenye viatu vya ngozi huhisi anasukumwa mbele kwa siku kadhaa. Risport navyo hutoka Italia. Mimi sina dini katika jambo hili. Kila mtengenezaji ana kalibu yake, yaani umbo la mguu analojengea viatu vyake, na kalibu hiyo ama inafanana na mguu wako ama haifanani nao, na kocha wako anaweza kukipenda kiatu ambacho wewe kitakulemaza.

Mtu anayeanza hununua kiatu na bapa vikiwa vimeshikanishwa tayari, na kwa misimu ya mwanzo hilo linatosha kabisa. Ukifika kwenye ngazi ya kununua kiatu peke yake, ndipo unapochagua bapa. Mengi ya mabapa yanayoheshimika hutoka Sheffield, Uingereza, mji wa wafua vyuma, ambako kampuni ya John Wilson inahesabu umri wake tangu mwaka 1696. Kwa mtu mzima anayefanya miruko ya mzunguko mmoja na mizunguko ya msingi, bapa la kati, lenye meno ya wastani, linatosha na kubaki. Meno makubwa ya bapa la wanaoruka mizunguko mitatu hukwaruza barafu unapojaribu kuteleza polepole, na nijuavyo mimi yamewaangusha watu wazima wengi kuliko yalivyowainua. Kama fedha ni za kugawanya, gawanya hivi: nyingi kwa kiatu, chache kwa bapa.

Bapa likifungwa kwenye kiatu kipya, mwombe fundi aweke skrubu chache tu kwanza, kwenye yale matundu marefu yanayoruhusu kulisogeza. Teleza mara mbili tatu. Kama kwenye mguu mmoja unajikuta unavutwa upande wa ndani kila unapotaka kwenda moja kwa moja, bapa linahitaji kusogezwa milimita kidogo, na kulisogeza ni rahisi kabla skrubu zote hazijaingia. Wenye miguu inayolalia ndani, ambao ni wengi miongoni mwa watu wazima, wasiikwepe hatua hii.

Kunoa nako kunahusika na uzito. Chini ya bapa kuna mfereji mwembamba unaotenganisha makali mawili, na fundi huuchonga kwa duara lenye kipimo fulani: nusu inchi, au saba ya kumi na sita ya inchi, na kadhalika. Duara dogo huchonga mfereji wenye kina, na makali yanayong'ata sana. Duara kubwa huacha mfereji usio na kina, na bapa huteleza kwa uhuru zaidi. Mtu mzito huzama kwenye barafu kwa uzito wake mwenyewe, kwa hiyo hahitaji kung'ata kwingi. Nusu inchi ni mahali pazuri pa kuanzia, na ukiupata mnoo unaokufaa, uandike na umwambie fundi vilevile kila unaporudi, maana fundi wa uwanja wa hoki anaweza kulinoa bapa mpaka mtelezo wako wote ukapotea, na akakata meno ya mbele akidhani ni takataka.

Viatu vingi vya leo huweza kupashwa joto ili vichukue umbo la mguu. Fundi huviweka kwenye oveni ndogo maalumu kwa dakika chache, unavivaa vikiwa na moto wa kuvumilika, unavifunga na kukaa kitako umetulia hadi vipoe. Acha kazi hiyo ifanyike dukani. Joto likizidi, gundi huachia, na hakuna dhamana itakayokulinda ukiwa uliviweka kwenye oveni ya kuokea mikate nyumbani.

Baada ya hapo huja wiki za kuvizoea. Vaa viatu nyumbani ukiwa umekaa, vikiwa na vifuniko vya bapa, kabla ya kwenda navyo uwanjani. Siku za mwanzo teleza kwa muda mfupi, na uache ndoano za juu kabisa bila kufungwa ili kifundo kipate nafasi ya kukunja ngozi taratibu. Kamba zikazwe zaidi pale mguu unapopinda kutoka wayo kwenda muundi, kwa sababu hapo ndipo kisigino hushikiliwa, na zilegezwe kidogo juu na kwenye vidole. Kubanwa sawasawa pande zote ni kawaida kwa kiatu kipya. Ganzi kwenye vidole, uchungu wa nukta moja juu ya mfupa, au lengelenge linalorudi mahali palepale baada ya wiki tatu, hayo yanahitaji fundi, na wala usiyatibu kwa kuvumilia. Uvumilivu tunaosifiwa nao watu wa makamo umewapatia wengi nundu za kudumu nyuma ya kisigino.

Bei sitazificha. Hapa Kanada seti ya kuanzia, kiatu na bapa, hupatikana kwa dola mia mbili hivi au zaidi kidogo. Kiatu cha kati bila bapa huenda dola mia kadhaa, na bapa zuri huongeza mia nyingine chache. Ni fedha nyingi, lakini mtu mzima ana faida moja ambayo mzazi wa mwanatelezo mdogo huionea wivu: mguu wake hauongezeki kila mwaka. Kiatu kilichochaguliwa vizuri kinaweza kumtumikia misimu mingi. Ujauzito, kuongezeka au kupungua uzito sana, na baridi yabisi hubadilisha mguu, kwa hiyo aliyepitia mojawapo asitegemee vipimo vya zamani.

Mitumba je? Ninaijua mitumba na ninaiheshimu, na viatu vilivyoachwa na kijana aliyekua upesi vinaweza kuwa bahati kubwa. Tazama mkunjo wa kifundo: ukiwa mkali kama karatasi iliyokunjwa, nguvu yake imekwisha. Kibonyeze kifundo kutoka pembeni kwa viganja viwili. Kikijikunja kirahisi, kiache. Tazama soli kama ngozi imevimba kwa maji na kama skrubu zinazunguka bila kushika, na utazame bapa kama bado lina chuma cha kunoa. Jambo ambalo jicho haliwezi kuliona ni kwamba kiatu hicho kimechukua umbo la mguu wa mtu mwingine, na joto la oveni haliwezi kulifuta lote.

Utunzaji ni mfupi kueleza. Futa bapa na skrubu kwa kitambaa kikavu kila unapotoka kwenye barafu, vua vifuniko vigumu vya kutembelea kabla ya kuviweka viatu mkobani na uvivishe vile vya kitambaa, kwa sababu vigumu hufungia maji na kuleta kutu. Ukifika nyumbani, vitoe mkobani vikauke mbali na kipasha joto. Soli ya ngozi ipakwe nta au vanishi kabla ya safari ya kwanza.

Vyangu vya sasa vimeanza kulegea upande wa nje wa mguu wa kushoto, mguu ninaosimamia kila ninapofanya mizunguko, na kocha ameshaniambia kwamba mruko wa Axel hautakuja katika viatu hivi. Anaweza kuwa sahihi, na anaweza pia kuwa anaupenda ugumu kuliko mimi. Mwezi wa tisa, kabla madarasa hayajajaa na mafundi hawajazidiwa na kazi, nitakwenda kupimwa upya, nikiwa na viatu hivi vya zamani mkononi, kwa sababu mikunjo yake itamweleza fundi namna ninavyoegemea.